Barua ya wazi kwa wanaosimamia huduma za kisukari: kidonge kisitoke dirishani bila maelezo yake

Waheshimiwa mnaosimamia wizara za afya na mamlaka za dawa, waganga wakuu wa hospitali, na ninyi wenye leseni za maduka ya dawa,

Barua hii inahusu vidonge vya kisukari cha aina ya 2, vile ambavyo mtu mzima humeza nyumbani kwake kila siku, mwaka baada ya mwaka, bila muuguzi wa kumsimamia. Ni dawa tunazoziamini. Metformini ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1957, na hadi leo ndiyo dawa ya kwanza kwa wagonjwa wengi. Lakini sisi tunaoziandika, tunaozigawa na tunaowapokea wagonjwa zinapowadhuru, tunajua kwamba madhara mengi makubwa yanazuilika, na mengi huzaliwa katika ile hatua fupi ya kutoka meza ya daktari hadi dirisha la dawa. Hatua hiyo iko mikononi mwenu. Mgonjwa hawezi kuirekebisha hata akiambiwa mara mia afuate masharti.

Chukueni kibahasha cha dawa mkiangalie. Ndani mna vidonge 60 vyeupe. Juu yake mtu ameandika kwa kalamu "1 x 2", basi. Hakuna jina la dawa wala miligramu, na hakuna neno lolote kuhusu chakula. Aliyeandika alimaanisha kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Anayekisoma nyumbani, au mjukuu anayemsomea bibi yake, anaweza kuelewa vidonge viwili kwa mara moja. Kama ni metformini, kosa hilo huenda likaishia kwenye tumbo kuvurugika. Kama ni glibenklamidi ya miligramu 5, dawa nyingine ya kisukari iliyo kali zaidi, vidonge viwili kwa mpigo kwa mzee aliyekula kidogo vinaweza kumfanya apoteze fahamu usiku huku nyumba nzima imelala.

Lebo inayotosha haihitaji karatasi kubwa. Iwe na jina la mgonjwa na tarehe, jina halisi la dawa na kiasi chake ("Metformini miligramu 500"), na kazi yake ("dawa ya kisukari"). Kisha matumizi yaandikwe kwa maneno: "Meza kidonge 1 asubuhi na kidonge 1 jioni, katikati ya chakula au mara tu baada ya kula." Mwisho onyo moja: "Ukitapika, ukiharisha sana au ukishindwa kunywa, acha kumeza na uwasiliane na kliniki." Kwa glibenklamidi na gliklazidi, ambayo ni ya kundi lake, onyo liwe jingine: "Usimeze kama huli. Ukitetemeka, ukitokwa jasho au ukichanganyikiwa, kunywa sukari mara moja." Lebo kama hizi zinaweza kuchapwa mapema, dirishani pakajazwa jina na tarehe tu. Tunaomba mpige marufuku alama ya "x" peke yake kwenye dawa zote za kisukari.

Kwenye rafu ya dawa kuna hatari nyingine. Dawa zinapopangwa kwa herufi, metformini na metronidazoli, dawa ya maambukizi, hukaa jirani. Majina yanaanza sawa, nguvu inaweza kuwa ileile ya miligramu 500, na mara nyingi vidonge vyote viwili ni vyeupe. Kuzibadilisha kwa bahati mbaya ni kosa linalojulikana katika taaluma ya famasia. Ubaya wake ni kwamba halijitangazi: zote mbili zinaweza kuleta kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni, kwa hiyo mgonjwa hashtuki. Mwenye kisukari anaweza kumeza metronidazoli mwezi mzima huku sukari ikipanda, na ikiendelea muda mrefu dawa hiyo huleta ganzi ya miguu, ambayo kila mtu ataisingizia kisukari. Mwenye maambukizi naye anaondoka na metformini, na ugonjwa wake unabaki palepale. Tiba yake haina gharama ya kutisha: tenganisheni dawa hizi mbili kwa rafu, andikeni majina kwa herufi kubwa kwenye sehemu zinazotofautiana, na mgawaji aulize kabla ya kukabidhi, "Dawa hii unatumia kwa ugonjwa gani?" Aulize hivyo, asiseme "Hii ni ya kisukari, sivyo?" Aliyechoka kusubiri huitikia ndiyo kwa kila kitu.

Sasa tuje kwenye foleni ya kliniki, kwa sababu hapa huduma yenyewe ndiyo inayomdhuru mtu. Mgonjwa anaambiwa aje bila kula ili apimwe sukari. Hakuna anayemwambia la kufanya na vidonge vyake. Yeye ni mtu makini, hivyo saa 11 alfajiri anameza glibenklamidi yake kama kawaida na kutoka bila kifungua kinywa. Saa 2 anachukua namba. Saa 4 bado yuko kwenye benchi. Glibenklamidi huilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama tumboni hamna kitu, kwa hiyo insulini inatoka, sukari inashuka, na mtu anaanza kutokwa jasho, mikono inatetemeka, maneno yanamkwama. Walio karibu hudhani amechoka. Kosa si lake. Amefanya kila alichoambiwa.

Tangazo la sentensi mbili linamaliza tatizo hili: "Ukija kupima kabla ya kula, usimeze vidonge vya kisukari asubuhi hiyo. Njoo navyo pamoja na chakula chako, utakula na kumeza ukishatolewa damu." Wanaopima kabla ya kula watolewe damu kwanza, kabla ya usajili na uzito na mengine yote. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi 3, hakihitaji mtu ashinde na njaa hata kidogo, kwa hiyo penye kipimo hicho msiwafungishe watu bila sababu.

Glibenklamidi yenyewe tunataka iangaliwe upya. Ni dawa kali na ya muda mrefu. Ini huivunja kuwa mabaki ambayo bado yana nguvu ya kushusha sukari, na mabaki hayo hutolewa kwa sehemu na figo. Figo zikichoka, yanajikusanya. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, liliweka gliklazidi mahali pake mwaka 2013 na kutoa angalizo kwamba glibenklamidi haifai kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Ni miaka mingi imepita tangu hapo. Kila bohari inayoendelea kuagiza glibenklamidi kama dawa pekee ya kundi lake inawapelekea wazee dawa ambayo mwongozo umesema isiwafikie. Agizeni gliklazidi. Mkishindwa kwa mwaka huu, basi angalau kompyuta au daftari la dirishani lisimamishe kila cheti cha glibenklamidi cha mtu aliyevuka umri huo mpaka daktari akipitie tena.

Na mkibadilisha, badilisheni kwa uangalifu, kwani gliklazidi ina mtego wake. Kuna ya kawaida ya miligramu 80, na kuna ile inayoachia dawa polepole ya miligramu 30 au 60. Miligramu 30 za ile ya polepole zinalingana na miligramu 80 za ile ya kawaida. Asiyejua hilo huona 80 imekwisha, anachukua mbili za 60 akidhani amekaribia, kumbe amempa mtu takriban mara nne ya dozi yake. Pia ile ya polepole haisagwi wala haitafunwi. Waandikaji waandike aina na si jina na namba tu, na taarifa ya kubadilisha bidhaa ifike dirishani kabla ya bidhaa mpya.

Sukari ikishashuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, ambayo ni miligramu 70 kwa desilita, mtu anayeweza kumeza apewe gramu 15 za sukari: vijiko vya chai 3 hadi 4 vilivyokorogwa kwenye maji. Asubiri dakika 15, apime tena, na kama bado iko chini arudie. Ikipanda, ale chakula kamili. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu chochote mdomoni. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali. Huko apewe glukosi ya asilimia 10 kwenye mshipa, mililita 150 hadi 200, kisha apimwe tena. Hadi hapo wahudumu wengi wanafanya vizuri. Linaloharibika ni linalofuata. Mgonjwa anaamka, anazungumza, kipimo kinasoma 8, anaruhusiwa kwenda nyumbani. Dawa bado imo mwilini. Baada ya saa chache glukosi imekwisha kutumika, kongosho bado linasukumwa, na sukari inaanguka mara ya pili, safari hii akiwa kitandani kwake. Mgonjwa ambaye sukari yake imeshuka kwa sababu ya glibenklamidi au dawa nyingine ya kundi lake alazwe na kupimwa mara kwa mara kwa saa 24 angalau, na zaidi kama figo ni dhaifu. Tunaomba hili liwe agizo la maandishi kwenye kila chumba cha dharura.

Metformini ni mpole zaidi kwa upande huo: ikitumika peke yake, ni nadra sana kushusha sukari kupita kiasi. Inazuia ini kumwaga sukari na kuusaidia mwili kutumia insulini yake. Ina shida mbili, tumbo na figo.

Ya tumbo hutokana zaidi na haraka. Mtu anaanzishwa moja kwa moja na miligramu 1,000 mara mbili kwa siku. Anaharisha siku tatu, anaacha kimyakimya, na akirudi kliniki haoni njia ya kusema. Sukari iko juu, kadi inaandikwa "metformini imeshindwa", anaongezewa glibenklamidi. Hivyo ndivyo mtu anavyotoka kwenye dawa salama na kuingia kwenye dawa ya hatari bila sababu. Anzeni na miligramu 500 mara moja kwa siku pamoja na mlo mkubwa, ongezeni 500 kila baada ya wiki 1 au 2 kadiri tumbo linavyokubali, hadi kufikia 2,000 kwa siku kama sukari inadai. Aliyesumbuliwa arudishwe kwenye dozi ya nyuma au apewe ile ya kuachia polepole. Na aambiwe mapema kwamba ganda la kidonge hicho cha polepole linaweza kuonekana chooni likiwa zima, lakini dawa yenyewe imeshaingia mwilini. Wasiojua hilo huanza kukisaga, na hapo dawa ya siku nzima humwagika kwa mara moja.

Shida ya figo ndiyo tunayotaka muipe uzito kuliko zote za metformini. Dawa hii haivunjwi na ini. Inatoka kwa mkojo kama ilivyoingia. Figo zikishindwa kuitoa inajaa kwenye damu, na asidi ya laktiki inaweza kupanda kiasi cha kuua. Ni tukio la nadra, lakini likitokea wengi hufa. Ndugu yake metformini, fenfomini, iliondolewa sokoni katika nchi nyingi mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu hiyohiyo.

Kinga ni namba moja kwenye karatasi ya maabara, ile inayoandikwa eGFR, yaani makadirio ya jinsi figo zinavyochuja damu. Ikiwa 45 au zaidi, metformini inaendelea. Ikiwa kati ya 30 na 45, asianzishwe mgonjwa mpya, na aliyekuwa akiitumia apunguziwe isizidi miligramu 1,000 kwa siku. Ikishuka chini ya 30, isimamishwe. Kipimo kifanywe kabla ya kuanza dawa, kisha angalau mara 1 kwa mwaka, na kila miezi 3 hadi 6 kwa wazee na wenye figo zilizoanza kudhoofika. Maabara nyingi hutoa kreatinini tupu, yaani kiasi cha taka ya misuli iliyomo kwenye damu, na kumwachia daktari kukisia. Kreatinini tupu inadanganya: bibi mwembamba asiye na misuli anaweza kuwa na namba inayoonekana nzuri huku figo zake zimepoteza zaidi ya nusu ya kazi. Iagizeni kila maabara itoe eGFR iliyokwisha kokotolewa, na namba hiyo, pamoja na tarehe yake, iandikwe juu ya cheti. Cheti cha metformini kisicho na namba ya figo ya ndani ya miezi 12 kirudishwe kwa aliyekiandika. Wakati huohuo mgonjwa apewe dawa ya siku chache zinazotosha kupimwa, asije akakaa bila dawa kwa kosa la mwingine.

Siku za ugonjwa zina kanuni yake. Anayetapika, anayeharisha au mwenye homa kali asiyeweza kunywa anaishiwa maji, na figo zinaweza kudhoofika ndani ya siku moja au mbili. Asimamishe metformini mpaka awe amekula na kunywa kama kawaida kwa saa 24 hadi 48. Wanaotumia dawa mpya zinazotoa sukari kwa mkojo, kama empagliflozini, nao wazisimamishe, kwa kuwa zinaweza kuleta asidi ya ketoni hata kama sukari inasoma karibu na kawaida. Dawa hizo huachwa pia siku 3 kabla ya upasuaji. Anayetumia glibenklamidi au gliklazidi na hawezi kula, apige simu kliniki siku hiyohiyo. Je, kliniki zenu zina simu inayopokelewa?

Vyumba vya picha za ndani ya mwili vihusishwe pia. Mwenye eGFR ya kati ya 30 na 60 anapochomwa dawa ya rangi yenye ayodini kwa ajili ya picha, metformini isimamishwe siku hiyo na irudishwe baada ya saa 48, figo zikishapimwa upya. Fomu ya kuomba picha iwe na swali hilo. Kwa sasa mara nyingi halimo.

Kliniki zetu zimegawanyika kwa magonjwa, lakini mwili ni mmoja. Dawa za maambukizi kama kotrimoksazoli, flukonazoli na klarithromaisini huongeza nguvu ya glibenklamidi na wenzake, na sukari huporomoka. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu hiyo. Dolutegraviri ya VVU hupandisha kiwango cha metformini kwenye damu, hivyo dozi isizidi miligramu 1,000 kwa siku wanapoanza kutumika pamoja. Prednisoloni, dawa ya steroidi, hupandisha sukari yenyewe. Propranololi, dawa ya moyo na shinikizo la damu, huficha mapigo ya moyo ya kasi na mtetemeko wa sukari kushuka. Jasho ndilo hubaki kama dalili, na mgonjwa aelezwe hivyo. Mtu mwenye kadi 3 za kliniki 3 anahitaji orodha moja ya dawa zote, na kila anayeandika dawa aisome kabla ya kushika kalamu.

Orodha hiyo itafichua pia dawa zinazotolewa mara mbili. Kuna vidonge vyenye metformini na glibenklamidi ndani ya kidonge kimoja. Anayevimeza huku ana glibenklamidi nyingine kwenye kibahasha anameza dawa moja mara mbili chini ya majina mawili ya biashara. Vyeti viandikwe kwa jina halisi la dawa. Na mamlaka za dawa zipime zile "dawa za asili za kisukari" zinazosifiwa kushusha sukari kwa siku mbili. Huko Singapore mwaka 2008 glibenklamidi ilikutwa imefichwa ndani ya vidonge vya kuongeza nguvu za kiume. Watu wasio na kisukari wakaanguka kwa sukari kushuka, na 4 wakafa.

Mambo machache tunayapitia kwa haraka, ingawa hayatakiwi kusahaulika. Metformini ya miaka mingi hupunguza vitamini B12, kwa hiyo ganzi ya miguu na upungufu wa damu vipimwe kabla ya kuandikwa kuwa ni kisukari. Mwanamke anayepanga kushika mimba apitiwe dawa zake upya mapema. Mtu mzima anayekonda kwa kasi, mwenye kiu kali na ketoni kwenye mkojo anahitaji insulini, na kumwongezea vidonge ni kumchelewesha.

Lengo la HbA1c nalo lisiwe moja kwa wote. Chini ya asilimia 7 linafaa wengi. Kwa mzee mwenye figo dhaifu, anayeishi peke yake na aliyewahi kuanguka, asilimia 8 ni salama zaidi. Utafiti mkubwa wa kisukari uitwao ACCORD ulisimamisha sehemu ya kubana sukari kwa nguvu mwaka 2008 kwa sababu vifo viliongezeka upande huo. Ripoti zenu zinazopima kliniki kwa idadi ya wagonjwa waliofika chini ya 7 zinawasukuma madaktari kuongeza vidonge mahali ambapo walipaswa kuvipunguza. Kwenye fomu hiyohiyo ongezeni safu nyingine: wagonjwa wangapi sukari yao ilishuka kupita kiasi mwezi huu, walikuwa wakimeza dawa gani, na eGFR yao ilikuwa ngapi. Fomu za robo mwaka ijayo bado hazijachapwa; safu hiyo inaweza kuwamo.

Ni sisi wafamasia, wauguzi na matabibu wa kliniki za kisukari.